Tezi Waliyosema Haina Kazi

Anti yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa karibu miaka 2 watu walikuwa wanasema ni mlevi.

Wacha niwaeleze. Asubuhi alikuwa sawa kabisa. Anaingia darasani, anafundisha, sauti yake unaisikia hadi kwa geti. Ikifika baada ya chakula cha mchana, sauti inaanza kupitia puani. Maneno yanaburuta. Kope za jicho la kushoto zinashuka kama shata ya duka linalofungwa. Jioni akila ugali anashikilia taya kwa mkono ndiyo aweze kutafuna. Watoto wakaanza kumuiga. Kwa chumba cha walimu stori ikawa ni chupa, na mkubwa mmoja wa shule akamwita kando akamwambia ajirekebishe. Anti hajawahi hata kuonja pombe. Ni mtu wa kwaya huyo, Jumapili nzima hayuko nyumbani.

Hospitali ndiyo ilikuwa noma zaidi. Anaamka alfajiri ili awahi foleni, anaonwa saa 3 asubuhi, na saa 3 asubuhi hana shida yoyote. "Mama, umechoka tu, pumzika." Akapewa vitamini. Wakati mwingine akapewa dawa za msongo wa mawazo. Kila mara walimpima akiwa ametoka kulala usiku mzima, halafu wakashangaa uchovu hawauoni.

Aliyeshika hii kitu ni daktari kijana wa zamu ya jioni. Alimwambia aangalie juu, kwa dari, bila kushusha macho. Nusu dakika, dakika moja, na kope zikaanza kushuka zenyewe polepole, Anti akijaribu kuzizuia. Daktari akatia barafu ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho kwa dakika chache, kope zikapanda. Akaandika maneno mawili kwenye kitabu chake: miasthenia gravisi. Halafu akaitisha skani ya kifua.

Shosh akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo: "Macho na kifua, wapi na wapi?"

Skani ikaonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo, kwenye tezi inaitwa thaimasi. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Kwa baolojia ya shule tulipitia ini, figo, kongosho, hii hata sikumbuki kama ilichorwa. Basi swali la shosh likaninyima usingizi miezi mitatu, nikawa nasoma kila kitu napata. Na manze, nimekuta watu wenye vichwa vyao walichukua zaidi ya miaka 300 kulijibu.

Twende London, 1672. Daktari mmoja Mwingereza, Thomas Willis, anatoa kitabu cha Kilatini kuhusu ubongo na roho. Ndani yake anamtaja mwanamke mmoja wa heshima zake ambaye akiongea kwa muda mrefu anapoteza sauti kabisa, hawezi kutoa neno kwa saa nzima au mbili, halafu inarudi. Willis alikuwa na dhana zake kuhusu damu na roho za mwili ambazo leo hazituhusu. Kilichonishika ni kwamba alimwamini. Hakuandika kwamba anajifanya. Nilipiga skrinishoti nikamtumia Anti. Akanijibu kwa sauti, asubuhi bila shaka: "Huyo ni mimi."

Maneno ya Willis yalilala kama miaka 200. Mwishoni mwa karne ya 19 Wilhelm Erb wa Ujerumani na Samuel Goldflam wa Warsaw wakaanza kukusanya wagonjwa wa aina hiyo hiyo, na 1895 Friedrich Jolly wa Berlin akafanya jaribio rahisi sana. Aliupiga msuli wa mgonjwa umeme mdogo, tena na tena. Mara ya kwanza msuli unaruka vizuri. Ukiendelea, unaruka kidogo, kidogo zaidi, unakufa. Ukiupumzisha, unarudi. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa jina, na jina lake lilikuwa na neno la tatu mwishoni lililomaanisha kupooza kusiko kwa kweli. Hilo neno baadaye likadondoka. Lakini unaona jinsi hata aliyeuthibitisha kwa umeme alibaki na ka-"si kweli" kwa jina?

Shida yao ilikuwa hii: mgonjwa akifa, wanapasua, wanaangalia ubongo, uti wa mgongo, mishipa ya fahamu, na hawaoni kitu. Kila kitu kiko sawa. Hadi 1901, Frankfurt, Carl Weigert akapasua mwili wa mwanaume aliyekufa na ugonjwa huu, na akakuta uvimbe kwenye thaimasi. Pia akakuta vijiseli vidogo vya aina ile ile vimejaa ndani ya misuli. Akasema hii lazima ni saratani ya tezi iliyosambaa. Alikosea maelezo, lakini alikuwa ameunganisha kifua na macho kwa mara ya kwanza. Vile vijiseli tutavirudia.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, juu hii sehemu iliniuma kuliko zote.

Thaimasi ya mtoto ni kubwa. Ya mtu mzima imesinyaa, imegeuka mafuta mafuta. Hiyo ni kawaida. Lakini kuna vitu vinaifanya isinyae haraka sana hata kwa mtoto: njaa, ugonjwa wa muda mrefu, maisha ya mateso. Jiulize basi, miili ambayo madaktari wa Ulaya karne ya 19 walikuwa wanapasua ili wajifunze ilitoka wapi? Ilitoka kwa maskini. Uingereza, sheria ya 1832 iliruhusu miili isiyo na wa kuidai, kutoka nyumba za maskini na hospitali, ipelekwe shule za udaktari. Hawa ni watu waliokufa polepole, kwa kifua kikuu na utapiamlo. Thaimasi zao zilikuwa zimekwisha. Na vitabu vikaandika: huu ndio ukubwa wa kawaida.

Halafu anatokea mtoto wa familia inayokula vizuri. Amelala usiku akiwa mzima, asubuhi amekufa kitandani. Anapasuliwa, na lo, thaimasi ni kubwa! Lazima ndiyo iliyomziba pumzi. 1889, Arnold Paltauf wa Vienna akaifanya kuwa ugonjwa rasmi wenye jina refu la Kilatini. 1907, Alfred Friedlander wa Cincinnati, Marekani, akaanza kuipiga mionzi ya eksirei ili isinyae. Na kweli ilisinyaa, mionzi huiua upesi sana. Kwa hiyo wakaona dawa imefanya kazi. Miaka iliyofuata maelfu ya watoto, wengi wao hawana ugonjwa wowote, wakapigwa mionzi kifuani ili wasije wakafa ghafla. Ungekuwa mzazi mwenye pesa ungemkimbiza wako pia.

Juu tu ya hapo, shingoni, kuna tezi nyingine, thairoidi. Uingereza iliunda kamati, na 1931 wakatangaza kwamba hawakuona ushahidi kwamba ugonjwa huo upo. Marekani mionzi ikaendelea. 1950, madaktari wawili wa New York wakachunguza watoto na vijana 28 wenye saratani ya thairoidi, na karibu thuluthi moja walikuwa wamepigwa mionzi ya thaimasi wakiwa wachanga.

Walichukua mwili wa mtu aliyekufa njaa wakaufanya kipimo cha kila mtoto. Nikisoma hapo nilikuwa namuona Anti kwa ile foleni ya saa 3 asubuhi.

Sawa, turudi kwa miasthenia. Hapa Afrika inaingia, na haijaingia kwa mlango wa nyuma.

Pwani ya kusini mashariki mwa Nigeria kuna mji wa Calabar. Waefik wa huko walikuwa na haragwe linaloitwa esere. Ukishtakiwa uchawi, unanyweshwa. Ukitapika, uko huru. Ukifa, basi ulikuwa na hatia. Wamishonari wa Scotland wakalipeleka haragwe Edinburgh, na 1855 profesa Robert Christison akaamua kulijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Alilila. Mwili ukaanza kulegea, moyo ukaanza kuruka, akaokolewa na kunywa maji yake ya kunyolea ndevu ili atapike. (Sayansi ya zamani ilikuwa na watu wagumu, sitadanganya.) Miaka ya 1860 sumu yenyewe ikatolewa ndani ya haragwe, ikaitwa fisostigmini. Baadaye ikajulikana kwamba inapingana na kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini inayolegeza misuli.

Sasa Mary Walker. Mskoti, amezaliwa 1888, daktari mdogo kwa cheo katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, iliyokuwa imetokana na huduma za maskini. Hakuwa profesa. Hakuwa na maabara. 1934 alikuwa na mgonjwa wa miasthenia, na daktari wa mishipa aliyekuja kumwona mgonjwa, Derek Denny-Brown, akasema kwa kupita tu kwamba ugonjwa huu unafanana na mtu aliyepigwa kurare. Walker akafikiria: kama unafanana na kurare, kwa nini usijibu dawa ya kurare? Akamdunga fisostigmini. Ndani ya saa moja kope zilizokuwa zimelala zikafunguka, mgonjwa akameza vizuri. Ikadumu saa chache, halafu ikaisha. Juni 1934 akaandika barua fupi kwa jarida la Lancet kuhusu mgonjwa mmoja tu. Wakubwa wengine walikuwa na shaka. Mwaka uliofuata akawaonyesha hadharani na dawa ya ndugu yake, prostigmini, na shaka ikaisha. Vidonge ambavyo Anti humeza leo ni vya ukoo huo huo.

Inafanyaje kazi? Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ujikaze, unatoa kemikali inaitwa asetilikolini. Hiyo inaruka pengo dogo na kushika vipokezi upande wa msuli. Kisha kuna kimeng'enya kinachoifagia haraka. Fikiria wachuuzi wa mtaani na kanjo. Asetilikolini ni wachuuzi, vipokezi ni wateja, kimeng'enya ni kanjo. Sasa kama wateja wamepungua, mchuuzi anahitaji kukaa muda mrefu kidogo ndiyo auze. Fisostigmini inashika kanjo mkono. Hairudishi wateja. Inampa tu mchuuzi nafasi.

Na kwa nini asubuhi ni nafuu? Kwa sababu mshipa uliopumzika unatoa wachuuzi wengi kwa mpigo. Ukiutumia tena na tena, kila mara wanatoka wachache. Mtu mzima wa afya hata hajui, ana wateja wa kutosha na wa akiba. Mgonjwa hana akiba. Kwa hiyo Anti hakuwa mvivu wa mchana. Alikuwa anamaliza akiba saa 5, na kengele ya mwisho bado.

Lakini wateja walienda wapi? Na thaimasi inahusikaje?

Wapasuaji hawakungoja jibu. 1911, Zurich, Ferdinand Sauerbruch alikuwa ameitoa thaimasi ya msichana mwenye miasthenia na shida ya thairoidi, akapata nafuu. 1936, Nashville, Alfred Blalock akatoa uvimbe kwenye thaimasi ya msichana aliyekuwa anazidiwa vibaya, na yeye akapata nafuu. (Huyu Blalock ndiye aliyekuwa na Vivien Thomas kwenye maabara yake, kijana Mweusi aliyefanya kazi ya mtafiti huku kwenye karatasi za mishahara ameandikwa mfagiaji. Hiyo ni posti yake kivyake, naiandika.) Baada ya kuhamia Johns Hopkins, Blalock akaanza kuitoa hata kwa wagonjwa wasio na uvimbe. London, Geoffrey Keynes, ndugu wa yule mwanauchumi, akafanya mamia. Na Keynes akaona jambo la ajabu: wale waliokuwa na uvimbe ndio hawakuwa wanapata nafuu kama wengine. Ungedhani ni kinyume.

Wanatoa tezi ambayo hawajui kazi yake. Sitanii. Miaka ya 1950 ukiuliza daktari thaimasi ni ya nini, angekwambia ni makaburi ya seli, kitu kilichobaki kutoka zamani. Wafaransa wanaila, ya ndama, ni chakula cha kifahari. Ndiyo hiyo kazi iliyojulikana.

Kulikuwa na dalili moja. 1954, Minnesota, Robert Good aliripoti mgonjwa mwenye uvimbe wa thaimasi ambaye pia damu yake ilikuwa karibu haina kingamwili, maambukizi yakawa hayamwachi. Good akawaza: hii tezi na kinga ya mwili ni majirani. Yeye na wenzake wakatoa thaimasi za sungura waone. Hakuna kilichotokea. Sungura walikuwa wakubwa.

1961, Jacques Miller, miaka 30, alizaliwa Nice, akakulia Shanghai na Australia, sasa yuko London anachunguza virusi vya saratani ya damu kwa panya. Kwa sababu za utafiti wake alihitaji kutoa thaimasi ya panya siku waliyozaliwa. Panya wakanyonya, wakakua, wakaonekana sawa. Baada ya kuachishwa kunyonya wakaanza kukonda na kufa, wamejaa maambukizi. Akawabandika ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Kawaida mwili unaikataa. Hawa hawakuikataa, ilishika na kuota manyoya. Hawakuwa na jeshi.

Kumbe tezi hufanya kazi yake kubwa mapema. Ukiitoa ukubwani, wanajeshi wameshatoka kambini, huoni tofauti. Kila mtu alikuwa ameangalia saa isiyo yake, kama vile saa 3 asubuhi. Na usidhani dunia ilimpigia makofi. Peter Medawar, mwenye Nobeli ya kinga ya mwili, bado 1963 alisema kuwepo kwa zile seli ndani ya thaimasi ni ajali ya mageuzi isiyo na maana kubwa. Miller yeye alipata tuzo ya Lasker mwaka 2019, karibu miaka 60 baadaye.

Mwaka mmoja kabla ya Miller, 1960, John Simpson wa Glasgow alikuwa ameandika wazo ambalo watu wachache walilichukulia kwa uzito. Alisema labda miasthenia ni kinga ya mwili kumshambulia mwenyewe. Ushahidi wake ulikuwa wa mtu aliyekaa na wagonjwa wengi akasikiliza. Wengi walikuwa na magonjwa mengine ya kinga. Thaimasi zao hazikuwa za kawaida. Na akina mama wenye miasthenia wakati mwingine walijifungua watoto waliolegea, hawawezi kunyonya vizuri, na baada ya wiki chache watoto hao wanapona kabisa. Kitu kimepita kutoka damu ya mama, kikaisha. Ni nini?

Jibu lilikuja kwa bahati. 1973, California, Jim Patrick na Jon Lindstrom walitaka tu kutengeneza kingamwili za kuwasaidia kuchunguza kipokezi cha asetilikolini. Waliitoa protini hiyo kwa samaki wa umeme wa mito ya Amerika Kusini, ambaye anayo tele, wakawadunga sungura. Sungura wakalegea. Vichwa vikaanguka. Wakapewa dawa inayofanya kazi kama ile ya Calabar, wakainuka. Walikuwa wametengeneza miasthenia bila kukusudia. Mwaka huo huo watafiti wa Johns Hopkins walitumia sumu ya nyoka wa Taiwan, ambayo inanasa kwenye vipokezi na hivyo unaweza kuvihesabu, wakapima misuli ya wagonjwa. Vipokezi vilikuwa vichache sana. Wateja walikuwa wameuawa na kingamwili. 1976 London wakachuja damu za wagonjwa kuondoa kingamwili, na wagonjwa wakapata nguvu.

Miaka hiyo hiyo Aristotle Onassis, tajiri wa meli, mume wa mjane wa Kennedy, alikuwa anabandika kope zake kwa plasta nyuma ya miwani meusi. Alikufa 1975 akiwa na miasthenia. Anti naye alikuwa anatumia plasta, ya shilingi kumi.

Haya, shosh, jibu la swali lako.

Thaimasi ni shule ya bweni ya seli za kinga zinazoitwa seli T. T ni ya hilo jina lenyewe. Zinafika kutoka uboho wa mifupa zikiwa hazijui kitu, na kabla ya kutoka lazima zipite mtihani mmoja mzito: unaonyeshwa vipande vya mwili wako mwenyewe, na ukivishambulia unauawa hapo hapo. Zaidi ya 95 kati ya 100 hazitoki hai. Nani anaonyesha vipande? Walimu, yaani seli za ukuta wa tezi. Wana jeni maalum inaitwa AIRE, iliyotambuliwa 1997, inayowawezesha kuonyesha vipande vya misuli, kongosho, ngozi, kila kitu, wakiwa pale pale kifuani.

Uvimbe wa thaimasi, thaimoma, ni walimu walioharibika. Wanaongezeka bila mpango na shule inapanuka. Wanaendelea kusajili wanafunzi kwa wingi, lakini mara nyingi AIRE imezimika, na ule mtihani wa kujitambua haufanyiki. Seli zinatoka na cheti feki. Zile seli ndogo alizoziona Weigert ndani ya misuli mwaka 1901 hazikuwa saratani iliyosambaa. Walikuwa wahitimu.

Ndiyo maana karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa miasthenia, au zaidi kidogo, anakutwa na thaimoma, na ukigeuza, thuluthi moja au zaidi ya wenye thaimoma wana miasthenia. Na si misuli peke yake. Kuna ambao uboho unaacha kabisa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kuna wale wa Good wasio na kingamwili za kutosha. Kuna wenye kingamwili za kupinga interiferoni, silaha ya mwili dhidi ya virusi. Hii ya mwisho ilionekana kwa wagonjwa wa thaimoma miaka ya 1990 na ikabaki habari ya wataalamu wachache. Halafu ikaja Korona. 2020, watafiti wakachunguza wagonjwa 987 waliozidiwa na Korona, wakakuta angalau 101 wana kingamwili za aina hiyo hiyo, wengi bila kujua. Ugonjwa adimu ulikuwa umeshatuonyesha.

Pia unaeleza kile alichokiona Keynes. Ukitoa shule, wahitimu feki bado wako mtaani, na wanaishi miaka. Watu wengine hata huanza miasthenia baada ya uvimbe kutolewa. Na zile dawa mpya za saratani zinazotoa breki kwenye kinga ili ishambulie uvimbe? Kwa thaimoma madaktari wanaziogopa, kwa sababu kwenye majaribio wagonjwa wengi kuliko kawaida walishambuliwa moyo na misuli yao wenyewe.

Kwa wasio na uvimbe, swali la kama upasuaji unasaidia kweli lilibishaniwa hadi 2016, miaka 80 baada ya Nashville, ndipo jaribio la wagonjwa 126 likaonyesha kwamba waliotolewa thaimasi walifanya vizuri zaidi na walihitaji steroidi kidogo. Mtu aliyelipigania jaribio hilo, John Newsom-Davis, hakuliona likiisha. Alikufa kwa ajali ya barabarani Romania mwaka 2007, akiwa kwenye safari ya kazi hiyo hiyo.

Kwa Anti hakukuwa na mjadala, uvimbe lazima utoke. Tulifanya mchango, kundi la WhatsApp, namba ya Paybill, nyinyi wengine mlituma, asanteni. Walifungua mfupa wa kidari wakautoa wote, na tezi yote. Aliamka akadhani mambo yamekwisha. Wiki ya kwanza kope zililala kama kawaida, na akalia, akasema tumepoteza pesa za watu. Mimi ndiye nilimweleza stori ya wahitimu. Akaniangalia kwa jicho moja akasema, "Kwa hivyo wananingoja wazeeke?"

Umepita mwaka na miezi minne. Simu yake inalia kila baada ya saa chache, anameza kidonge. Steroidi zilimvimbisha uso, sasa zinapunguzwa. Ana kadi ndogo kwa pochi inayosema asipewe kwinini na dawa nyingine kadhaa, kwa sababu zinaweza kumlegeza hadi ashindwe kupumua, na kwao kila homa mtu anafikiria malaria kwanza. Shule alihama. Kule alikohamia wamempangia vipindi vizito vya asubuhi, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Jana usiku, saa 3 na dakika 40, alinitumia sauti ya dakika 4 akinigombeza kwa sababu sijampigia shosh. Neno kwa neno, hadi mwisho, hakuna moja lililopitia puani.